Maneno ya Kuamka

Mvua iliwabana chini ya turubai moja katika soko la Nyawera: Adolphine, muuguzi wa dawa za usingizi hospitalini, bado amevaa blauzi nyeupe ya kazi, na Djafari, muuza vikwembe, vile vitenge vya kujifunga, mwenye kofia iliyodariziwa.

"Maman, kikwembe hiki kinakutafuta tangu asubui."

"Nilikuja kujikinga mvua, sikuja kununua."

"Mvua yenyewe ni mimi niliituma."

Adolphine akacheka. Baada ya hapo simu ya Djafari ilimfikia kila siku saa sita mchana. "Docta wangu, umekula?" Miezi minane ikapita hivyo. Djafari akaahidi kwamba baada ya Idi atampeleka Uvira kumtambulisha kwa mama yake.

Kisha pikipiki ikamvunja Djafari mguu.

Siku ya operesheni mashine ya oksijeni ilikuwa imekufa. Propofol, dawa ya kawaida ya usingizi, ingemwacha aamke kwa utulivu, lakini ingeweza kumkata pumzi. Adolphine akachagua ketamine, ambayo humwacha mgonjwa apumue mwenyewe, ingawa wengi huamka nayo wakihangaika.

Djafari aliamka akipiga mateke, macho wazi, haoni mtu.

"Mama, niache! Nilishakubali! Nitamuoa Salima! Adolphine sitamuleta!"

Wauguzi wakatazama sakafu. Kwa miaka sita Adolphine alikuwa akiziambia familia, "Ni dawa inasema, si mutu." Sasa akajiambia mwenyewe, huku akimshika mikono mpaka akatulia.

Djafari hakukumbuka chochote. Siku kumi Adolphine alimletea supu ya sambaza, samaki wadogo wa ziwani.

"Chérie, ulinilalisha muzuri. Sasa hata nyumbani sitasinzia bila weye."

Siku ya kumi na moja akauliza, "Djafari, Salima ni nani?"

Kama angesema "Salima gani?", Adolphine angemwamini. Alikuwa amejiandaa kuamini.

"Nani alikuambia?"

Kijiko kikabaki ndani ya bakuli.

"Ni weye. Wakati wa kuamka."

"Ile ilikuwa dawa, chérie! Mama alinikaza, nilikuwa natafuta namna ya kukuambia..." Halafu akauliza polepole, "Ungenipa dawa ingine, ningesema?"

"Hapana. Ungeamka kimya, na mimi ningengoja Idi."

"Sasa kwa nini haukunipa ile ingine?"

Adolphine akafunika supu isipoe, akachukua mkoba wake.

"Nilitaka upumue," akasema, akatoka.