Ruta ya Pili Koridoni

Jua lilikuwa linazama mshonaji alipotoka duka la vifaa vya umeme, waya mrefu ukiwa umeviringishwa mkononi, na njia nzima alikuwa akiongea peke yake. Shemeji yake, yule mkono wa birika asiyekuachia hata njiti ya kiberiti, ametoa ruta bure? Bure kabisa? Hapana jamani. Hapo pana namna.

Aliileta jana yake, jioni kama hiyo. Akasimama nje ya mlango, hakuingia. Mtu ambaye siku zote huulizia chai kabla hajavua viatu! Alinuka udongo uliolowa, na mvua haikuwa imenyesha. Akamkabidhi ile ruta kuukuu, akanong'ona.

"Mtoto hapati mtandao kule nyuma, sivyo? Ifunge hii koridoni. Ipe jina lilelile la ile ya sebuleni, na neno la siri lilelile. Mtu akitembea kutoka mbele kwenda nyuma... asijue kama amehama."

"Nani kakwambia mtoto hapati mtandao?"

Shemeji akatabasamu tu, akaenda zake.

Lakini ilikuwa kweli. Nyumba yao ilikuwa ndefu, kuta nene, na mtandao ulikuwa unakata palepale kwenye mlango wa stoo, katikati ya korido. Chumba cha mtoto kilikuwa nyuma kabisa. Sebuleni hapakufaa kusomea, maana ndiko cherehani ilikokuwa ikipiga kelele kutwa. Basi kila jioni binti yake wa pekee, ambaye kwa domo lake walimwita Chiriku, alikaa sakafuni koridoni, simu kainyoosha juu, akisaka somo la hesabu hewani. Mitihani ilikuwa imekaribia. Roho ilimuuma mama. Ndiyo maana alinunua waya, ingawa moyo ulikuwa unasita.

Na kuhusu hilo neno la siri, kuna jambo mnapaswa kulijua.

Baba yake Chiriku ni dereva wa malori, nyumbani anaonekana kwa nadra. Mama kwa hofu zake aliweka sheria: mtu hafunguliwi mlango, hata awe na sauti ya nani, mpaka aseme "bata kavaa soksi". Siku walipolitunga hilo neno walicheka mpaka machozi yakawatoka. Walilijua watu watatu tu, baba, mama na Chiriku. Kisha ruta ya kwanza ilipofungwa, mama, kwa uvivu wa kukariri maneno mawili, akaitia hilohilo. Ruta ni yake, nyumba ni yake, tatizo liko wapi?

Sasa jioni ile akaliandika kwenye ruta ya mtu mwingine.

Aliifanya kazi kwa makini ya kishonaji. Alichomeka sindano kwenye kile kitundu kidogo cha nyuma mpaka taa zikazima na kuwaka upya, ili ruta isahau ya zamani. Akaibadilishia anwani yake ya mtandao isigongane na ya ile ya mbele. Akaizuia isigawe anwani kwa simu, maana kwa kazi hiyo ruta moja inatosha. Jina lilelile. Neno lilelile. Akavuta waya kutoka sebuleni, akaupitisha chini ya zulia, akaichomeka kwenye umeme kando ya mlango wa stoo.

"Mama! Umejaa!" Chiriku alipiga kelele kutoka chumbani. "Umejaa mpaka juu ya kitanda!"

Mama akacheka. Kwa mara ya kwanza alimwombea shemeji yake heri.

Furaha yenyewe haikudumu. Jioni moja Chiriku akiwa naye sebuleni wanakunja nguo, simu zote mbili zikiwa mezani zimezimwa, mama alitupa jicho koridoni. Taa ya ile ruta ilikuwa inapepesa haraka haraka, kama vile kuna mtu kule nyuma anaitumia.

"Umempa nani neno letu?"

"Sijampa mtu, mama. Naapa."

"Chiriku..."

"Mama, haki ya Mungu! Mbona huniamini?"

Mtoto akanuna, akampa mgongo. Mama akabaki anamshuku jirani, kisha anamshuku mtoto wa jirani, kisha akarudi kwa yule aliyemshuku tangu mwanzo. Akawasha simu yake, akaingia koridoni na kufunga mlango nyuma yake, akampigia.

"Shemeji, hii ruta uliyoniletea umeitia nini?"

"Ruta gani?"

"Usinichezee. Uliyoileta ukiwa umesimama mlangoni kwangu!"

Shemeji akacheka.

"Shemeji yangu, mimi niko kazini mbali huku tangu mwezi uliopita. Halafu, hebu jiulize... mimi, nitoe kitu bure?"

Mama akaitazama ile ruta kando ya miguu yake.

Simu ikakatika. Alikuwa amesimama katikati ya korido. Mbele, mlango wa sebule umefungwa. Nyuma, mlango wa chumba umefungwa. Mtoto aliponuna, alibaki sebuleni au alipita kwenda chumbani? Hakuangalia.

"Chiriku!"

"Abee, mama!" Sebuleni.

"Abee, mama!" Chumbani.

Sauti moja. Ileile.

Harufu ya udongo uliolowa ilikuwa imejaa korido nzima, wala hakuweza kujua inatoka upande gani.

"Sema neno," akanong'ona.

"Bata kavaa soksi," ikajibu sebule.

"Bata kavaa soksi," kikajibu chumba. "Mama, kuna nini? Unaniogopesha."

Taa ilipepesa. Ilipepesa. Mama akawaza upesi: hiki kilichoingia kimeingia na ruta hii, na ruta hii inalisha chumba cha nyuma. Akainama, akang'oa plagi.

"Mama, usi..."

Sauti ya chumbani ikakatika katikati ya neno.

Alikimbilia sebuleni. Chiriku alikuwa kwenye kochi, kajikunyata. Mama akamkumbatia huku analia kwa sauti, akimshukuru Mungu. Baadaye alijikaza, akaenda kufungua chumba cha nyuma. Hapakuwa na mtu. Dirisha limefungwa kwa ndani. Daftari la hesabu liko wazi, jibu limeandikwa nusu, wino haujakauka. Sakafuni palikuwa na soksi moja.

Tangu siku hiyo Chiriku hana tatizo. Anakula, anaongea, anamtania mama yake. Ila siku hizi analala sebuleni. Anasema kule nyuma hapapendi, na nani angemlaumu?

Mpaka jana jioni, mama akiwa kwenye cherehani, akamwomba amletee mkasi kule chumbani. Chiriku akainuka, akashika korido, domo halifungi kama kawaida yake. "Mama, ule mkasi mkubwa au ule mdogo, maana ule mdogo ulisema hau..."

Akafika kwenye mlango wa stoo.

"...ulise... mama... ka... kat..."

Akasimama. Akarudi hatua moja, na maneno yakarudi mazima. "Siuoni, mama. Katafute mwenyewe."

Cherehani ilinyamaza. Mama aliutazama ule mlango wa stoo, mahali mtandao wa ruta ya mbele unapokata, na moyo wake ukamwambia jambo ambalo alilikataa usiku kucha.

Leo jua likizama, ameitoa ile ruta ya pili kwenye boksi alimoificha tangu siku ile. Amekaa sakafuni koridoni, pale mwanawe alipokuwa akikaa, plagi mkononi. Kutoka chumba cha nyuma, mbali sana, ni kama anasikia mtu analia. Mwanangu, anasema moyoni, mwanangu nilikukata kwa mkono wangu mwenyewe.

Nyuma yake mlango wa sebule ukafunguka taratibu. Harufu ya udongo uliolowa ikamfikia kabla ya sauti.

"Mama," ikanong'ona. "Unairudisha ya nini? Mtandao si unatutosha?"