Marehemu Aliyeingia Mchezoni

Msafishaji wa ukumbi wa voliboli wa mji wa Ponce alimkuta Anselmo Quiles chini ya ngazi za nyuma, Alhamisi jioni, fuvu limepasuka. Ungedhani ameteleza. Lakini Nereida Cintrón, afisa wa upelelezi, aliokota kifungo cha shati la marehemu juu kabisa ya ngazi, na hilo hakumwambia mtu yeyote.

Mtuhumiwa alipatikana upesi mno. Uriel Batiz, nahodha wa timu, alikuwa amegombana na Anselmo mbele ya watu mchana uleule, na wakubwa wa Nereida wakaamuru awekwe ndani. Uriel alikuwa mtoto wa ubatizo wa Doña Providencia, mama wa marehemu, aliyemlea tangu utotoni.

"Mmoja naenda kumzika, wa pili mmemfungia," mama alimwambia Nereida. "Nibaki na nani, mwanangu?"

Nereida akaenda kumhoji Dagoberto Lugo, mkuu wa matangazo ya ligi. Ligi yao ilikuwa ndogo na viti vilikuwa vitupu, kwa hiyo Lugo alikuwa akitengeneza mchezo wa video wenye sura halisi za wachezaji, ili kuwavuta vijana. Nyota wao Anselmo alikuwa amekataa sura yake isiingizwe.

"Mwishowe alikubali," Lugo alisema. "Alhamisi alasiri nilimpiga picha pande zote, hapa hapa ofisini. Tukapeana mikono, akaenda zake. Mimi na marehemu hatukuwa na neno."

"Una ushahidi gani?"

"Mchezo ukitoka utamwona humo. Uriel ndiye wa kumbana, afisa, si mimi."

Jumapili watu walimuaga Anselmo akiwa amesimama. Mama yake ndiye aliyetaka hivyo, kama familia nyingine zilivyokwisha kufanya kisiwani kwao. Maiti ilitiwa dawa, ikasimamishwa wima ndani ya jezi yake namba saba, mpira kiganjani, macho wazi. Watu walipanga foleni kupiga naye picha. Lugo alimzunguka taratibu na simu yake, huku akijifuta machozi. Kila aliposogea, Nereida aliona kama macho yale yanamfuata.

"Doa lake jeusi wameliweka upande siyo," Doña Providencia alimnong'oneza. "Uso uliumia, wakaupaka rangi wote, halafu mpambaji wa maiti akaiga picha ambayo mwanangu alijipiga kwenye kioo."

"Si warekebishe, mama?"

"Watu wamejaa. Mwache tu, amechoka."

Wiki iliyofuata mchezo ulizinduliwa ukumbini, kwenye skrini kubwa. Wachezaji wengine waliruka, wakahema, wakapangusa jasho. Anselmo alisimama tu mpira kiganjani, hapepesi macho. Msichana mmoja aliweka kidude cha kuchezea chini.

"Huyu simtaki," alisema. "Ananitazama."

Nereida alisogea karibu na skrini, akaikagua sura ile shavu kwa shavu. Ukumbi ulipobaki mtupu, alimwita Lugo na Doña Providencia mbele ya sura ile.

"Bwana Lugo, picha hizi ulipiga lini?"

"Nimeshasema. Alhamisi, ofisini."

"Akiwa hai?"

"Sasa maiti ingepandaje kuja ofisini kwangu?"

"Doa liko shavu gani hapo?"

Lugo alitazama. "La kushoto."

"Nilimzaa nalo kulia," Doña Providencia alisema.

"Basi kompyuta imegeuza picha. Hutokea hayo."

"Ingegeuza na saba ya kifuani," Nereida alisema. "Saba imekaa sawa. Anselmo alikuwa na doa kushoto siku moja tu maishani, kama ni maisha yale. Siku ya kumuaga, ulipomzunguka na simu."

Lugo aliketi kwenye kiti cha watazamaji. Kwenye skrini Anselmo aliendelea kumkazia macho.

"Wadhamini walimtaka yeye," alisema hatimaye. "Bila yeye hakuna mchezo, bila mchezo ligi inakufa. Akasema mpaka wachezaji wote walipwe kwa sura zao. Hata Uriel alimsihi akubali, wakagombana. Mimi nilimshika shati tu, ajibu. Akajivuta, akaporomoka ngazini."

"Kifungo cha shati hilo nilikiokota juu ya ngazi."

Lugo aliinuka. Alipochukuliwa, alipita mbele ya skrini ameinamisha kichwa.

Jioni ile Uriel aliachiwa. Alikuja moja kwa moja ukumbini, akapiga magoti, na Doña Providencia akamshika kichwa kwa mikono yote miwili, akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nereida alitaka kuzima mashine.

"Ngoja," mama alisema. Alimwendea Anselmo kwenye skrini, akamgusa shavu la kushoto, juu ya kioo baridi. "Amesema, tumemsikia. Amesimama siku nyingi mno, binti yangu. Hamna mahali pa kubonyeza, alale?"

Nereida alitafuta. Mchezo ule haukuwa na kulala. Uriel ndiye aliyeinuka, akauchomoa waya ukutani.