Mwanamume wa Juu ya Ngazi

Harufu ilianza Januari, jua la Buenos Aires likiwaka kama tanuri: harufu ya koti la sufu lililolowa mvua. Nyumbani kwa Nélida Zubiría hapakuwa na koti kama hilo, na mvua ilikuwa haijanyesha.

Wiki hiyohiyo alikuwa ameleta nyumbani filamu ya zamani ya mauaji, ya rangi nyeusi na nyeupe, ambayo mama yake, Amparo, aliigiza akiwa msichana. Watu waliamini imepotea kabisa. Nélida aliikuta katika ghala la sinema iliyofungwa, akaisafisha picha kwa picha, ili mama aione kabla ya kufa.

Akafunga mapazia mchana, akaiwasha. Amparo alitabasamu alipoambiwa kuwa ni yeye anayeshuka ngazi. Ghafla akamkamata bintiye mkono.

"Zima."

"Kuna nini, mama?"

"Yule wa juu ya ngazi. Mwenye kofia, na koti lililolowa."

"Si ndiye muuaji?"

"Muuaji aliigizwa na Lisandro, mfupi, ana kitambi. Yule hatukuwa naye. Mwongozaji alipomwona kwenye picha, alichoma nakala zote alizokuwa nazo."

"Ah, mama! Na macho yako hayo?"

"Macho yana ukungu, mwanangu. Wewe mwenyewe nakuona kama kivuli. Yule namwona vizuri."

Tangu siku hiyo zikaja hatua, za mtu anayeshuka ngazi polepole, ngazi za mbao zinazolia, ndani ya nyumba isiyo na ghorofa wala ngazi, na kila jioni zikisikika chini zaidi, karibu zaidi na kitanda cha Amparo, hata ajuza yule akawa analala na shuka mdomoni asisikike akilia.

Akaitwa doña Ercilia, mganga wa mtaani. Alifukiza majani, akamwaga chumvi mlangoni, kisha wakaichoma filamu uani. Hatua zikanyamaza.

"Ndiyo hii peke yake?" akanong'ona mganga.

Nélida akainamisha kichwa. "Kuna nakala niliyowapa wenye sinema. Inaonyeshwa Jumamosi, mjini."

Ercilia akaanza kukusanya vitu vyake. "Basi hatujafanya kitu, binti yangu."

Nélida aliwasihi wenye sinema wasiionyeshe. Walimcheka, tiketi zilikwisha zamani.

Jumamosi alikuta kitanda cha mama kitupu, kingali na joto, na mlango wa nyumba ungali umefungwa kwa ndani. Akakimbia hadi sinema. Filamu ilikwisha kuanza. Amparo kijana alikuwa akishuka ngazi, mrembo, na juu yake alisimama yule mwanamume, kamshika mkono bikizee aliye pekupeku, katika gauni la kulalia, akipapasa hewa kama anayetafuta mtu.

"Mama!"

"Shh! Kaa chini, bibi, unatuharibia!"

Bikizee akageukia sauti, akafumbua mdomo. Mwanamume akauziba kwa kiganja, taratibu, na ukumbi mzima ukapiga makofi.