Kisahani cha Ua la Mbololo

Dirishani kilibaki kisahani tu. Chungu na ua lake havikuwapo.

Inspekta Kenga alikitazama kwa macho ya mtu aliyenyimwa usingizi. Ametoka Shimanzi kuopoa maiti baharini, hajabadilisha hata soksi, na sasa anatafuta ua.

"Si ua hivi hivi," alisema Bwana Amin, mwenye nyumba, muuza vitambaa wa Mji wa Kale. "La mlima Mbololo, kule Taita. Halioti mlima mwingine. Watafiti waliniachia nilitunze, na kesho wanakuja kulirudisha mlimani."

"Unamshuku Mapenzi bado?"

"Nani mwingine? Ndiye mtumishi wetu. Mumemfunga tangu jana na hajasema kalificha wapi!"

"Labda hana la kusema."

Huko rumande, Mapenzi alikuwa amelia mpaka sauti ikakauka. Mchana angefikishwa kortini kwa wizi.

Bi Shariffa, mke wa Amin, aliingia na birika la kahawa. "Kunywa, Inspekta. Uso wako wataka kupigwa pasi."

"Ukipigwa pasi utaungua, mama."

Akanywa. Kahawa safi. Akapiga funda la pili, akasita. Mabomba ya mtaa mzima yalikuwa makavu. Kila nyumba ilinywa maji ya kisima, yenye chumvi.

"Maji matamu haya mumepata wapi?"

"Hatuna," Amin alidakia. "Tuna mtungi mmoja wa maji ya mvua, nao ni wa ua. Likionja chumvi, lafa. Mapenzi ndiye hulinywesha..." Akaligeukia birika. "Shariffa?"

Kenga alipitisha kidole kwenye ukoko mweupe wa kisahani, akalamba. Chumvi.

"Mapenzi aliniambia wiki jana alikuwa kwao Kaloleni, matangani. Nani alinywesha ua?"

Shariffa akalitua birika.

"Mimi," alisema Shariffa. "Nilikuwa na wageni wa arusi. Niwape kahawa ya chumvi, nitoke na uso gani? Ya mvua nikachemsha, ua nikalinywesha ya kisima. Likanyauka. Nikaingiwa na hofu, nikalitia uvunguni mwa kitanda."

"Ukamtaja msichana."

"Nikamtaja. Bwana huyu angenisamehe kuchoma nyumba, si ua lile. Kila asubuhi huliambia subalkheri kwanza. Mimi hunikumbuka chai ikichelewa."

Amin aliinuka. "Lingali na jani bichi?"

Shariffa akacheka, kicheko kikavu. "Wamsikia, Inspekta?"

Kenga alimsikia. Alijikongoja kusimama, magoti yakalia. "Vaa buibui, mama. Kudanganya polisi nako ni kosa. Na Mapenzi utamwambia wewe mwenyewe, ana kwa ana."

Akavaa. Mlangoni akarudi, akaimimina kahawa yote kwenye thamosi. "Sidhani kama msichana amekunywa kitu tangu jana."

Kenga akampokea thamosi. Walipokuwa wakishuka ngazi, walisikia kitanda kikiburutwa chumbani, kisha sauti ya Amin, laini, ya kubembeleza:

"Subalkheri."