Kadi ya Kusomwa kwa Vidole

Mjukuu wangu Nabiha hupaka hina. Mtaa wetu mzima wa Kibokoni unamjua. Bibi harusi akikaa mbele yake, Nabiha hukunja mikono ya buibui, hushika koni ya hina, na maua huanza kutoka. Kila Jumamosi nyumba yetu hujaa wasichana. Kazi yangu ni kupitisha chai na kuwakataza wasiguse kuta.

Mwezi uliopita ilikuwa zamu yetu. Dadake mkubwa, Manar, alikuwa anaolewa siku ya Alhamisi. Watu tuliwaalika kwa simu, kama ilivyo siku hizi. Ni picha nzuri yenye majina na saa. Unabonyeza, imefika. Nabiha aliwapelekea watu mia mbili kabla chai yangu haijapoa.

Lakini kuna mtu mmoja ambaye picha ile haikumfaa kitu. Ni dada yangu, Bi Mwanakheri, anayekaa mtaa wa Kuze. Haoni tangu miaka sita iliyopita. Yeye ndiye aliyefunga kikuba cha kila bibi harusi wa ukoo wetu, yaani kile kishada kidogo cha asumini na rihani ambacho mwanamke hukivaa ili anukie. Mamake Manar alivaa kikuba cha dada yangu. Mimi pia.

Jumamosi asubuhi alinipigia simu. Alisema Jumatatu anapanda basi kwenda Malindi kwa mwanawe, na atakaa huko wiki mbili. Nikamuuliza, na harusi je?

"Harusi gani?" akasema. "Simu yangu imelia mara moja, ikanyamaza. Mwaliko nisioweza kuushika si mwaliko, ndugu yangu."

Mimi ndiye niliyesema apelekewe kwa simu kama wengine.

Nabiha alikuwa karibu, akasikia. Hakunilaumu. Alisema atamtengenezea kadi kwa mkono wake mwenyewe, na kesho ataipeleka Kuze kwa miguu. Mara akatoka mbio. Alirudi na karatasi kumi za manila nyeupe, chupa ya wino wa muhuri wa rangi ya kijani, sifongo na seloteipu. Kisha akaniomba picha ya zamani ya eksirei ya goti langu. Ile plastiki yake ni ngumu na nyembamba, inafaa kukatwa.

"Bibi, goti lako litatangulia harusini," akaniambia.

Alichora kikuba juu ya eksirei, ua moja kubwa la asumini na majani ya rihani pembeni. Akakata michoro ile kwa kisu chenye ncha, polepole, mkono mwingine ukiwa mbali na makali. Akapata kigezo chenye matundu. Ukikiweka juu ya karatasi na kupaka wino, wino hupita kwenye matundu tu, na ua hubaki.

Ndivyo tulivyotarajia. Nabiha alichovya sifongo mpaka likadondosha. Akapaka wino mzito, akausambaza huku na huku. Alipoinua kigezo, ua halikuwepo. Lilikuwepo doa kama mchuzi uliomwagika. Wino ulikuwa umepenya chini ya kigezo. Akajaribu tena, akaongeza wino. Ikawa mbaya zaidi. Akaziharibu karatasi saba, na machozi yakawa yanamlengalenga.

Hapo ndipo Zilpah alipopiga hodi. Zilpah ni mpangaji wetu wa juu, mtu wa bara, na ni mwema. Hufanya kazi Shimanzi, kwenye godauni la chai. Kazi yake ni kuandika majina na namba kwenye magunia ya karatasi kwa wino na vigezo vya bati. Wao huviita stensili. Alikuwa ametoka kazini, kucha zake bado nyeusi kwa wino, na bila shaka alikuwa na njaa. Lakini aliziona zile karatasi saba, akavua viatu, akaingia. Hakucheka.

Alimuuliza Nabiha kwa nini anatia wino mwingi hivyo. Nabiha akajibu kwamba hina hupakwa nene ndiyo ikoze.

"Ngozi inakunywa, mdogo wangu," akasema Zilpah. "Karatasi hainywi hivyo. Ukiilazimisha, inatapika pembeni. Mimi siku ya kwanza niliharibu magunia arobaini. Msimamizi aliniuliza kama ninaandika au ninaosha."

Nabiha akacheka, na machozi yakaisha.

Zilpah alifuta upande wa chini wa kigezo mpaka ukawa mkavu. Akakibandika juu ya karatasi kwa seloteipu ili kisitembee. Akatia wino kidogo kwenye kisahani. Akachovya ncha ya sifongo, kisha akaligonga kwenye gazeti kuukuu, mara nyingi, mpaka likaacha kivuli tu cha rangi. Nabiha akasema sasa limekauka.

"Hivyo ndivyo tunavyotaka. Gonga kutoka juu kwenda chini. Usiburute. Rangi ikiwa hafifu, ngoja ikauke, rudia."

Nabiha akagonga, akangoja, akarudia. Tulikuwa wanawake watatu tumeinamia karatasi moja, hakuna anayepumua. Akainua kigezo taratibu. Ua la asumini lilikuwa pale, kingo zake safi kama zimekatwa kwa makasi. Nabiha akanikumbatia, akamkumbatia Zilpah, akamwita Manar aje aone. Manar alikuja na uso wake umepakwa liwa, ile dawa ya msandali ya kulainisha ngozi.

Alilitazama ua, akatabasamu. Kisha akauliza kwa upole, "Bibi Mwanakheri ataliona vipi?"

Kwa furaha yetu tulikuwa tumemsahau mwenye kadi.

Zilpah akapitisha kidole juu ya ua. Lilikuwa laini, halishikiki. Akaniuliza kama nimewahi kuona muhuri wa wakili, ule usio na wino, unaoinua karatasi. Nikamwambia nyumba hii hati yake ina muhuri kama huo, na wajukuu wote wamekua wakiupapasa.

"Basi na sisi tuinue," akasema.

Zilikuwa zimebaki karatasi mbili. Nabiha alichukua moja, akaitia rangi na kuiacha kivulini. Wino ulipokauka kabisa, akaigeuza karatasi, kigezo kikiwa bado kimebandikwa. Akaiweka kwenye kioo cha dirisha la jikoni, kigezo kikigusa kioo. Mwanga wa nje ukaonyesha matundu yote. Akachukua kalamu iliyokwisha wino, akasugua kutoka nyuma, akifuata kingo za matundu. Alisukuma kwa nguvu, karatasi ikapasuka.

Ikabaki moja, nayo akaitia rangi, akangoja ikauke. Safari hii Zilpah alimpa kijiko, atumie mwisho wa mpini wake ulio mviringo. Alimwambia apite polepole, mara nyingi, nguvu zije kidogo kidogo. Nabiha alifuata. Alipogeuza karatasi, ua lilikuwa limevimba juu ya kadi. Nilifumba macho nikaligusa. Nilihesabu majani matano ya ua.

Jumapili baada ya alasiri tulikwenda Kuze. Begi la dada yangu lilikuwa mlangoni, limefungwa. Nabiha akambusu mkono, akaiweka kadi kwenye viganja vyake.

"Bibi, Manar anakualika harusini kwake Alhamisi. Nimekuja mwenyewe."

Vidole vya dada yangu vilitembea juu ya kadi, vikasimama, vikarudi. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

"Asumini," akasema. "Na hii ni rihani. Hiki ni kikuba." Akagusa tena. "Jani la nne la ua limelegea kidogo."

"Mkono ulichoka, Bibi."

"Wangu pia huchoka." Akaitia kadi kifuani. "Nabiha, fungua hilo begi, nguo zangu zirudi kabatini. Kisha niletee uzi wangu, uko kwenye kopo la biskuti. Na Manar asinunue kikuba cha mtu."

Alhamisi Manar alinukia mpaka chumba kizima kikajaa harufu. Bi Mwanakheri alifunga vikuba viwili siku hiyo. Cha pili alimpa Zilpah, akamkalisha karibu yake. Zilpah alikwenda nacho kazini kesho yake, na wenzake wakasema magunia ya chai yananukia asumini.