Upande Asiouona Luhaga

Walijuana Kigongo, kwenye msongamano wa kushuka kivuko, Luhaga alipomkanyaga Odeta mguu mchana kweupe.

"Kaka, na gauni la njano lote hili hulioni?" Odeta aliuliza, akicheka huku anaumia.

Luhaga, dereva wa lori la kiwanda kipya cha minofu ya samaki, alimwomba radhi njia nzima hadi mjini Mwanza. Kufikia masika walikuwa wapenzi, bado tu kujulishana kwa wazazi.

Kisha Odeta akanuna. Luhaga akampigia simu kwenye duka ambako Odeta alifanya kazi ya kupokea simu na faksi za watu.

"Mpenzi, nimekosa nini?"

"Jumamosi pale Kirumba ulitupita mimi na mama. Nimekupungia mkono, ukatupita kama nguzo za umeme."

"Sikuwaona."

"Tulikuwa hatua mbili ubavuni mwako, Luhaga. Mama katoka Musoma kuja kukuona. Kama una mwingine, sema." Simu ikakatwa.

Luhaga akajiuliza. Mtu anayesoma namba ya gari lililo mbali atashindwaje kumwona ampendaye? Au alimwona, akili isimtambue? Juma lile lile lori lake liliparuza nguzo ya geti la kiwanda, asijue nguzo imetokea wapi. Bosi akamwamuru akapimwe macho. Akampigia tena Odeta: "Njoo ushuhudie. Ukiona nakudanganya, niache."

Odeta alikuja hospitalini, amejitanda kitenge cha bluu, midomo kaibana. Muuguzi, Sista Wilhelmina, alimfunika Luhaga jicho moja, akaketi mbele yake.

"Nitazame puani, usigeuze jicho. Ukiona kidole kinakuja kutoka pembeni, sema."

Kidole kikaanzia usawa wa sikio. Kikapita shavu. Kikakaribia pua.

"Sista, mbona huanzi?" Luhaga akauliza.

Odeta akaziba mdomo kwa kiganja.

Daktari alipima presha ya macho, akamulika ndani, kisha akaeleza taratibu: presha imeharibu uwezo wa kuona pembeni, macho yote mawili. Kilichopotea hakirudi, dawa ya matone italinda kilichobaki. Lori, basi tena.

Nje, Luhaga hakujua ashukuru au alie. "Umejua sasa kwamba sikukudharau," alisema. "Lakini dereva asiye na gari utampeleka kwa mama kufanya nini?"

"Kula. Anatungoja saa saba."

"Nimwambie nini?"

"Habari ya macho, kama ilivyo."

"Na kwamba nataka kukuoa?"

"Hilo, baba, uniambie mimi kwanza."

Luhaga akasimama, akamgeukia mpaka akamwona vizuri, akamwambia.