Duara la Chaki

“—na usiniambie umemaliza zote sita, mwanangu! Zote sita, peke yako!”

Mama alikuwa bado hajavuka kizingiti cha karakana. Begi la vifaa lilikuwa begani, jasho likimtiririka, na uso wake umechanua kwa furaha. Mbele yake friji kuukuu sita zilisimama zimepanga foleni kama wagonjwa, na mlango wa kila moja ulikuwa na duara la chaki.

“Zote, Mama,” alisema binti yake, kisha akainama kufunga kamba za viatu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa.

Binti huyo alikuwa na miaka kumi na miwili, na mtaa mzima ulimwita Spana. Alianza kuitwa hivyo tangu alipokuwa akitambaa, kwa sababu wenzake wakililia pipi yeye alikuwa akililia spana. Mama yake alikuwa fundi wa friji. Kila siku baada ya shule, Spana alibadilisha sare, akala, akaingia karakana kushika tochi, kupanga skrubu na kuuliza maswali mpaka Mama amwambie apumzishe mdomo kidogo.

Karakana ile ilikuwa na sheria moja tu ambayo haikuwa na mjadala. Friji kuukuu ikiingia, ilichorwa msalaba wa chaki, maana yake ndani bado mna gesi ile ya zamani ya kupoozea. Mpira wa mashine ya kunyonya uliunganishwa kwenye bomba, gesi ikavutwa taratibu hadi ndani ya mtungi, na mshale wa geji uliposhuka mpaka sifuri, msalaba ulifutwa likachorwa duara. Friji yenye duara ilikuwa halali kwa Mjomba, mdogo wake Mama, aliyekuja na moto wake wa kuchomelea kufungua maungio na kutoa mabomba ya shaba.

“Mjomba haulizi,” Mama alikuwa akisema kila mara. “Anatazama duara tu. Gesi hii ikikutana na moto inageuka moshi wa sumu, na kifua cha mjomba wako unakijua.”

Alikijua. Akicheka sana tu, Mjomba alikohoa mpaka akashika ukuta.

Sasa, siku ile Mama aliitwa ghafla kwenda zahanati, kwa kuwa friji ya chanjo ilikuwa imezima. Kwa mara ya kwanza alimwachia Spana mashine. Spana alifanya kazi vizuri, tena vizuri sana, friji ya kwanza mpaka ya nne. Lakini mashine ilikuwa kuukuu, ikinyonya kwa mwendo wa konokono, na nje wenzake walikuwa wakicheza mpira wa pete. Akasikia filimbi. Akazitazama friji mbili zilizobaki. Mjomba angekuja Jumamosi, na leo ilikuwa Alhamisi tu. Kesho nitazimalizia, alijiambia, hakuna atakayejua. Akafuta misalaba miwili na kuchora maduara mawili, mazuri kuliko yale manne ya kweli.

Usiku ule hakula vizuri. Mama alimsifia kwa jirani, akamsifia kwa simu, na kila sifa Spana aliipokea akitazama sahani yake.

Kesho yake, Ijumaa, mwalimu wa sayansi aliingia darasani na kuchora duara kubwa ubaoni. Spana alishtuka, kidogo adondoshe kalamu.

“Hii ni dunia,” alisema mwalimu. Akaizungushia duara la pili, jembamba. “Na hili ni tabaka la ozoni, juu kabisa, mbali kuliko ndege zinavyofika. Linatukinga na miale mikali ya jua, ile inayounguza ngozi mpaka kuleta saratani na kutia macho ukungu. Sasa tazameni.”

Alilowesha kidole kwa ulimi na kulifuta duara la nje upande wa chini. Chaki ilitoka polepole, likabaki pengo jeusi.

“Huku ni kwenye barafu ya kusini. Kila mwaka, majira ya baridi yakiisha kule, tabaka hupungua mno mpaka watu wanasema ni tundu. Nchi zilizo karibu na huko, watoto wanavalishwa kofia na kupakwa mafuta ya kuzuia jua hata siku ambayo wewe ungesema haina jua kabisa.” Akagusa upande wa juu, chaki ikafifia kidogo. “Kaskazini nako, miaka mingine, hupungua. Huku katikati tulipo halikupungua sana. Lakini msijisifu, jua letu liko utosini na miale yake ni mikali tayari.”

“Nani aliyelitoboa, mwalimu?” aliuliza msichana wa dawati la mbele. Huyu walimwita Redio, kwa sababu habari ikimwingia haikulala ndani.

“Gesi za viwandani. Ziliwekwa kwenye friji za zamani na makopo ya kupulizia. Nchi zilikubaliana kuacha kuzitengeneza, na tundu limeanza kupona, taratibu. Lakini friji kuukuu bado zipo. Ukiitoboa moja hapa mtaani, gesi haibaki mtaani. Inatangatanga na upepo, inapanda miaka na miaka, na ikishafika juu inakula tabaka hilo kidogo kidogo. Haichagui nchi iliyotoka wala nchi itakayoumia. Na mkishakuwa na wajukuu, nyingine itakuwa bado ipo.”

Spana alitazama lile pengo jeusi ubaoni. Aliona friji mbili nyeupe zikimtazama kwa jicho la chaki.

Kengele ya mapumziko ilipolia, Redio alimgeukia. “Wewe, mbona umekuwa rangi ya unga? Au unawaza kazi? Mjomba wako kaja mapema leo. Nimempita asubuhi akishusha mtungi wa moto pale karakana, akakohoa, akaniuliza kama nyumbani hawajambo.”

“Leo?”

“Leo. Kwani nini?”

Spana alimfuata mwalimu mlangoni. “Mwalimu, naomba ruhusa. Nilidanganya nyumbani. Nikichelewa mtu ataumia.”

Mwalimu alimtazama usoni, wala hakuuliza la pili. “Kimbia,” alisema.

Alikimbia. Alikata uchochoro wa mafundi viatu, akaruka mtaro, akapiga kikumbo ndoo ya watu na kuomba radhi bila kusimama. Hewa ilikuwa imetulia, jua limekaza, na njia aliyoipita kila siku ilionekana imerefushwa. Alikuwa bado hajafika kona alipomsikia Mjomba akikohoa. Hakikuwa kile kikohozi cha kucheka. Kilikuwa kikavu, kifupi, hakina pumzi katikati.

Mjomba alikuwa amepiga goti nyuma ya friji ya tano. Ulimi wa moto wake, ambao siku zote ulikuwa wa buluu, ulikuwa umegeuka kijani. Hewa ilichoma pua. Mkono wake mwingine ulikuwa umeshavuta friji ya sita karibu.

“Zima, Mjomba! Zina gesi, zote mbili! Mimi ndiye niliyechora!”

Mjomba alizima moto na kuinuka, akayumba. Spana alimshika kiuno na kumburuta nje, akamkalisha juu ya kreti lililopinduliwa, mbali na mlango. Jirani alikimbilia zahanati, ambako Mama alikuwa amerudi kumalizia friji ya chanjo, na Mama akaja na muuguzi. Muuguzi alimsikiliza Mjomba kifua mbele, akamsikiliza mgongoni, muda mrefu. Spana alihesabu pumzi za Mjomba. Kila moja ilichelewa.

“Amevuta kidogo,” muuguzi alisema mwishowe. “Kidogo tu. Twende naye akae chini ya uangalizi mpaka kesho, maana moshi huu unaweza kuchelewa kuonyesha ubaya wake.”

“Mpwa wangu,” Mjomba alisema kwa sauti iliyokwaruza, akiinuliwa, “duara lako lilikuwa zuri kweli. Nilisema huyu mtoto ana mkono.” Alitaka kucheka, akajizuia.

Hapo ndipo Spana alipolia.

Mama hakumgombeza. Waliporudi karakana alifungua madirisha yote, akasubiri hewa isafike, kisha akamwekea chaki kiganjani na kuvifunga vidole vyake.

“Hiki si kitu cha kuchorea picha,” alisema. “Ukichora duara unamwambia mtu, weka uso wako hapa, pako salama. Mjomba wako aliweka uso wake. Kazi isiyokwisha haina aibu, mwanangu. Ungeniacha nikute misalaba miwili, ningekupa soda. Ukisema uongo kwenye kazi, anayeumia si wewe. Ni mtu aliyekuamini, na mwingine yuko mbali hata hutamjua.”

“Na gesi ya ile ya tano?”

Mama alitazama juu. Mbingu ilikuwa safi, ya buluu, haina hata wingu. “Imekwenda. Hakuna mpira mrefu wa kuifuata.”

Spana alifuta duara la friji ya sita kwa kiwiko na kuchora msalaba. Waliunganisha mpira, wakawasha mashine, na wakakaa pamoja sakafuni wakitazama mshale ukishuka kwa mwendo wake wa konokono. Safari hii hakuna aliyesikia filimbi.

Ulipogusa sifuri, kichwa cha Redio kilichomoza dirishani. “Habari nimeipata nusu,” alisema akihema. “Nipe nusu nyingine niitangaze.”

“Hapana,” alisema Spana. Alichora duara, taratibu, likatoka limepinda kidogo. “Asubuhi muuguzi atatuambia Mjomba ameamkaje. Nikishamwona kwa macho yangu nakuja kwenu, na wenzetu wote wa uwanjani waite. Nusu iliyobaki nitaisema mwenyewe kesho.”